Mkono wa Kasha la Saba

Kila Jumamosi, kabla jua halijakaza, mdogo wangu alikuwa ameshapasua debe zima la kokoto. Alikaa juu ya gunia lililokunjwa mara nne, mguu mmoja ameukunja, mwingine ameunyoosha. Mkono wa kushoto ulishika pete iliyokatwa kwenye tairi kuukuu. Ndani ya pete hiyo ndimo linamowekwa jiwe lisiruke. Mkono wa kulia ulishika nyundo. Ta, ta, ta, kimya kidogo, halafu ta. Kimya kikirefuka, ujue ama jiwe limekuwa gumu ama kidole kimepatikana.

"Kidole?" mama aliuliza bila kugeuka.

"Hapana mama. Kijiwe kimeingia kwenye kandambili."

"Basi endelea. Jua halikungoji wewe."

Mama alipasua upande wa pili, mgongo wake umeelekea njia. Bibi, ambaye macho yake yalikuwa yameingia ukungu, ndiye aliyechambua. Alishika kila kokoto kwa vidole akaitupa kwenye fungu lake: za zege huku, za kujazia njia kule. Fundi mmoja aliwahi kubishana naye, wakapitisha fungu zima kwenye chekeche. Hakikubaki kijiwe hata kimoja juu ya wavu. Fundi aliona aibu, Bibi akaomba maji ya kunywa.

Mimi nilikuwa nimeacha nyundo miaka miwili nyuma, nilipopata kazi ya kufagia na kupiga deki kwenye jengo moja la chuo. Shule niliishia ya msingi. Asubuhi nilimsaidia mama kujaza madebe, kisha nilinawa vumbi, nikaenda kusafisha vumbi la wengine.

Sisi watu wa machimboni si wengi. Tuna lugha yetu ya nyumbani, ambayo ukiisema sokoni watu wanageuka kukutazama kama umemwaga kitu. Shuleni kwa mdogo wangu walikuwapo wanafunzi mia nane, na wa kwetu walikuwa tisa. Walimpa jina la Kokoto akiwa darasa la pili, kwa kumkejeli. Alipofika darasa la sita alikuwa amelizoea hata ukimwita kwa jina lake halisi hageuki.

Jumamosi hiyo ninayoisimulia ilikuwa ya mwisho wa muhula. Kokoto alipoweka nyundo chini, mama naye alisimamisha ya kwake.

"Leo ndiyo mwisho, sivyo?"

"Ndiyo mama. Leo tunapimwa."

"Nilikupa Jumamosi za muhula huu tu. Ukiniletea cha kuonyesha, tutazungumza. Ukija mikono mitupu, unarudi kwenye gunia lako. Fungu lako nalipasua mimi, na mikono yangu ni hii hii miwili."

Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayetua mzigo ili aubebe tena.

*

Mambo ya Jumamosi yalianza hivi. Mwanzoni mwa muhula alifika shuleni kwao mwanamke mrefu, viatu vimelika upande, amebeba kasha la mbao. Alilifungua akatoa fuvu la kichwa. Nusu ya darasa ilikimbilia mlangoni.

"Rudini, ni plasta," alisema. "Mfano tu. Haya, nani ataniambia huyu alitafuna upande gani?"

Wote walitazama kwa mbali. Kokoto alisogea akapitisha kidole juu ya meno, taratibu, kama Bibi anavyochambua. "Wa kulia," alisema. "Huku yamelika. Huku kushoto kuna jino lilikuwa linamuuma, alikuwa analikwepa."

Ndivyo alivyochaguliwa pamoja na wengine kumi na mmoja kutoka shule nne, wasome naye chuoni kila Jumamosi. Wanafunzi walimbandika mwanamke yule jina la Mama Mifupa. Nilikuwa namfahamu, kwa sababu chumba chake kilikuwa kwenye korido yangu. Mlangoni paliandikwa Anthropolojia ya Kibayolojia, ila herufi mbili zilikuwa zimedondoka na hakuna aliyezirudisha. Ni elimu ya miili ya watu: walivyokua, walivyougua, walivyofanya kazi, kama yanavyosomeka kwenye mifupa na meno. Paa la chumba chake lilivuja penye kona, na nilikuwa naweka ndoo pale kila mvua ilipotaka kunyesha.

Jumamosi hiyo ya mwisho aliingia amechoka. Juzi yake alikuwa amejibiwa barua ya kuomba chumba kingine, aliambiwa asubiri. Hilo nalijua kwa sababu takataka nazimwaga mimi.

"Leo sipimi mifupa," aliwaambia, amesimama mbele ya meza ndefu. "Nawapima ninyi. Kila mmoja ana kasha lake. Vipimo ishirini na vinne kwa kalipa. Karatasi ya kwanza mnaitia kwenye bahasha, mnafunga, mnakunywa chai. Mkirudi mnapima upya kwenye karatasi ya pili, bila kutazama ya kwanza. Halafu nalinganisha. Anayepita anabaki nami mwaka ujao, na kila anayebaki ataleta mtoto mmoja kutoka kwao. Mmenielewa?"

"Ndiyo mwalimu!"

Kalipa ni kile chuma chenye taya mbili: unakibana kitu katikati, unasoma unene wake kwa milimita. Kokoto alipewa kasha la saba. Nilikuwa napiga deki chini ya madirisha, nikamwona anavyoitoa mikono ya plasta kutoka kwenye pamba, mfupa kwa mfupa, akiipanga mezani bila kelele. Mikono yake mwenyewe ilitulia. Moyo wangu nao ukatulia kidogo.

Pembeni yake alikaa mvulana wa darasa la saba waliyemwita Miwani. Hakuwa mtoto mbaya. Ulimi tu ndio ulikuwa haufungwi.

"Kokoto, mfupa wa juu wa mkono wa kulia, huu wa begani mpaka kiwiko, umepata ngapi?"

"Ishirini na sita."

"Na wa kushoto?"

"Ishirini na mbili."

Miwani aliangua kicheko. "Mtu gani huyo? Mkono mmoja wa baba, mwingine wa mtoto! Hapa kwangu imepishana nusu milimita tu. Shika hicho chuma vizuri bwana, hiyo si nyundo."

Wenzao walicheka. Kokoto naye alicheka, kile kicheko cha kujikinga. Kisha akapima tena. Akapima tena. Nilimwona midomo ikihesabu. Alitazama kulia kwake, akatazama kushoto, akachukua kifutio. Akafuta ishirini na sita, akaandika ishirini na tatu.

Hapo ningesema ni woga wa mtoto, ungepita. Lakini hakuishia hapo. Kabla ya kutia karatasi kwenye bahasha aligeukia ukuta, akapandisha mkono wa sweta, akanakili namba zote kwa kalamu upande wa ndani wa mkono wake. Aliposhusha sweta, macho yetu yalikutana.

Nilikamua tambara kwenye ndoo. Nilifikiria mabega ya mama. Nilifikiria lile gunia lililokunjwa mara nne. Nikanyamaza.

*

Baada ya chai walipima mara ya pili. Wengine walihema, wengine waligombana na kalipa zao. Kokoto alikuwa wa kwanza kumaliza.

Mama Mifupa alilinganisha karatasi, kalamu nyekundu mkononi, mkono mwingine umeshika paji la uso.

"Miwani. Kumi na tisa zimekubaliana, tano zimetoka. Umepita kwa kubanwa na mlango."

"Nimepita ni nimepita, mwalimu!"

"Kaa chini."

Aliita mmoja mmoja. Wanane walipita, watatu waliambiwa wajaribu mwaka mwingine. Alipofika karatasi ya Kokoto alikaa nayo muda, akaigeuza, akaiinua penye mwanga wa dirisha. Aliiweka chini.

"Wewe subiri kidogo. Wengine nendeni, na msikimbie kwenye ngazi."

Chumba kilipokuwa kitupu, tulibaki watatu na ile ndoo ya kona. Nilikuwa nafuta meza niliyokwisha kuifuta.

"Vipimo ishirini na vinne," alisema Mama Mifupa. "Mara ya kwanza na mara ya pili. Hakuna kilichopishana hata kwa nukta."

Uso wa Kokoto uling'aa. "Nimepita, mwalimu?"

"Nimefanya kazi hii miaka kumi na tisa. Mkono wangu haujawahi kunifanyia hivi hata siku moja. Mkono wa mtu hutikisika, jicho huchoka, chuma huteleza. Vipimo vya mara mbili havilingani vyote. Vikilingana vyote, najiuliza."

Kokoto alitazama viatu vyake.

"Sitakuuliza umefanyaje," aliendelea. Sauti yake ilikuwa ya chini, sauti ya mtu ambaye hana nguvu za kukaripia. "Rudi mezani. Pima mfupa wa juu tu, kulia na kushoto. Mimi nachemsha maji. Dada, nawe kaa kitako, hiyo meza imeshatakata."

Nilikaa. Kokoto alipima. Birika lilianza kuimba, naye alikuwa bado anapima. Alipoinua mkono kusogeza kalipa, sweta lilirudi nyuma, na namba zote zikaonekana, zimefifia kwa jasho. Hakulishusha. Machozi yalikuwa yameshamtoka.

"Ngapi?"

"Ishirini na sita. Na ishirini na mbili."

"Na asubuhi, kabla hujafuta?"

"Hizo hizo."

"Mbona ukafuta?"

"Nilijua nimekosea."

"Ulijuaje?"

Kokoto alijifuta pua kwa kiganja.

"Kwa sababu ni mimi niliyepima."

Mama Mifupa aliweka kikombe chini. Alivuta kiti akakaa karibu naye, magoti yao yakakaribia kugusana.

"Kipimo hicho hicho angekipata Miwani," alisema, "angesema kasha hili lina ajabu. Umekipata wewe, ukasema mwenye kasoro ni wewe. Unaona ulivyojidhulumu?"

"Angenicheka tu, mwalimu. Na nikishindwa mimi, watasema watu wa machimboni ndivyo walivyo. Miwani akishindwa, ameshindwa Miwani."

"Hilo ni kweli," alisema Mama Mifupa. "Sitakudanganya kwamba si kweli. Ni uonevu, nao unachosha. Lakini kalipa haina habari na uonevu. Inasoma kilicho katikati ya taya zake, basi."

Aliinuka akaleta daftari kuukuu, jalada limeshikwa kwa gundi ya karatasi. Alifunua akatusomea maandishi yake ya zamani. "Kasha la saba. Mkono wa kulia ishirini na sita, wa kushoto ishirini na mbili. Mnene mno upande mmoja. Kazi gani? Mhunzi? Mpiga makasia? Vidole viwili vya kushoto vilivunjika vikaunga vibaya. Alianguka?" Mwishoni mwa kila kisio paliwekwa alama ya kuuliza.

"Vidole gani?" Kokoto aliuliza.

Mama Mifupa alimtolea vilivyokuwa vimebaki kwenye pamba: kidole cha shahada na cha kati, vidogo, vyeupe. Kokoto aliviinua akavipapasa kwa muda mrefu, bila kutumia kalipa. Kisha aliviweka chini, na pembeni yake akauweka mkono wake wa kushoto, kiganja chini. Ncha ya kidole chake cha shahada ilikuwa imekwenda upande. Iliumia akiwa na miaka minane.

Sikujua kama nilisimama. Nilijiona tu nimeuweka na wangu pale. Kidole cha shahada kimepinda, cha kati kina nundu kwenye kifundo.

"Hakuanguka, mwalimu," alisema mdogo wangu. "Alikosa jiwe."

Mama Mifupa alitazama vidole vya plasta, akatazama vyetu, akarudia. Nilimweleza kuhusu pete ya tairi, jinsi unavyoishika kwa vidole hivyo viwili, na nyundo inapoteleza vinavyopatikana ni hivyo hivyo. Nikamweleza kwamba zamani, kabla ya matairi, Bibi anasema walifunga pete ya kamba.

"Tuliopima kasha hili ni watano," alisema hatimaye. "Tumesoma mpaka macho yamechoka. Hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kukaa na mtu anayepasua mawe. Ndiyo maana nazunguka mashuleni na kasha, na viatu hivi. Watu hudhani nawaonea ninyi huruma. Huruma ya nini? Mifupa ni ya watu wote, lakini wanaoisoma wanatoka nyumba chache. Basi yako mambo tunayatazama miaka na miaka bila kuyaona."

"Kwa hiyo nimepita?" Kokoto aliuliza, sauti imerudi.

"Hujapita."

Aliichukua karatasi yenye alama ya kifutio, akaikunja mara mbili.

"Karatasi hii siwezi kuipitisha. Ulichokitambua kwa vidole ni kizuri, na ulichokiandika hapa ni uongo. Kimoja hakifuti kingine. Njoo Jumamosi ijayo upime upya. Na nyumbani ukaseme mwenyewe, nisije nikasema mimi."

Jumamosi ijayo. Tulitazamana na mdogo wangu. Jumamosi za mama zilikuwa zimekwisha.

*

Njia ilikuwa ndefu siku hiyo. Kokoto alitembea nyuma yangu, akiukokota mguu. Tulipokaribia, sauti ya nyundo ya mama ilitufikia kabla ya moshi wa jikoni.

"Dada," alisema, "tukimwambia mwalimu aliugua, kwa hiyo matokeo wiki ijayo? Si uongo mkubwa."

"Mkubwa au mdogo, utaubeba wewe. Mimi nilinyamaza asubuhi, na huo mmoja unanitosha."

Bibi alitusikia. Macho yake ni mabovu, masikio ni ya paka. "Mke mwenzangu amerudi na mguu mzito," alisema. "Aliyeshinda hutembea upesi, hata kama amechoka."

Mama alisimamisha nyundo. Kokoto alipiga magoti mbele ya fungu lake mwenyewe, lile mama alilompasulia, akasema yote: kicheko cha Miwani, kifutio, namba za mkononi, kasha, vidole. Alipandisha sweta. Namba zilikuwa bado zinasomeka.

Mama alizitazama kwa muda. Kisha akanigeukia mimi.

"Na wewe ulikuwepo?"

"Nilikuwepo, mama. Niliona nikanyamaza."

"Basi mmedanganya wawili."

Alijipangusa uso kwa upindo wa nguo. Vumbi lilibaki kwenye mikunjo ya macho, kama siku zote.

"Mnamkumbuka jirani aliyekuwa anatia vumbi chini ya debe na kokoto juu?"

"Yule aliyehama?" Kokoto aliuliza.

"Hakuhama. Aliachwa. Wanunuzi wakawa wanampita kama mtu aliyelala, mpaka akaondoka mwenyewe. Njia ya mwongo ni fupi." Alichukua kokoto moja, akaigeuza kwenye kiganja. "Lakini wewe, mwanangu, umenishangaza zaidi. Yule alikuwa na vumbi, akalifunika kwa kokoto. Wewe ulikuwa na kokoto safi, ukazifunika kwa vumbi. Sasa huo ni ujinga wa aina gani?"

Bibi alicheka peke yake. Kokoto alilia na kucheka pamoja, kamasi zikamchuruzika.

Mama hakucheka. Alikuwa ametandaza mikono yake juu ya mapaja, anaitazama, wa kulia na wa kushoto, kama alikuwa hajawahi kuiona.

"Huyo mtu wa plasta," aliuliza, "mkono wake unafanana na nini?"

"Na wako, mama."

Nyundo ilirudi kazini. Ta, ta, ta. Tulidhani mazungumzo yamekwisha. Kisha akasema, bila kugeuka:

"Jumamosi nitakuja kumwona. Mtapasua wote Ijumaa jioni, msiniachie mimi."

*

Jumamosi iliyofuata mama alikuja na kitambaa chake cha kichwa cha kutokea, miguu imesuguliwa. Hakukaa mpaka alipoambiwa. Mama Mifupa alimwekea kiti kizuri, kile kisichocheza, akaketi yeye kwenye kibovu.

"Mwalimu," mama alisema, "kabla ya yote. Huyo mtu aliulizwa kama anataka kupimwa?"

"Hakuulizwa, mama. Walichukua tu, zamani. Ndiyo maana mifupa yenyewe tumeirudisha ikazikwa. Tulibakiwa na plasta."

"Afadhali," mama alisema, akalegeza mabega. "Nami nisingependa kulala kwenye pamba."

Kokoto alipima. Karatasi ya kwanza aliifunga kwenye bahasha mwenyewe, akaipeleka mezani kwa mwalimu, mikono ya sweta ameikunja mpaka juu ya kiwiko bila kuambiwa. Tukanywa chai. Akapima mara ya pili. Mara hii alichukua muda, na mara mbili nilimwona anasita, anatazama namba aliyoiandika kama inayomtisha. Hakugusa kifutio.

Mama Mifupa alilinganisha kwa kalamu yake nyekundu.

"Mkono wa kulia, ishirini na sita, halafu ishirini na tano na nusu. Wa kushoto, ishirini na mbili mara zote. Ishirini na moja zimekubaliana, tatu zimetoka." Aliinua macho. "Hizi tatu, unataka kuzifuta?"

Kokoto alisukuma kifutio pembeni. "Sifuti, mwalimu. Ndivyo nilivyopata."

"Basi umepita."

Mama hakupiga kigelegele wala makofi. Alifumba macho tu, kidogo, kama mtu aliyepewa kiti katika safari ndefu. Kisha akaunyoosha mkono wake wa kushoto, akaulaza juu ya meza karibu na vidole vya plasta. Vilikuwa vimepinda upande ule ule.

"Alichoka huyu," mama alisema polepole. "Mtu yeyote asikudanganye, mwalimu. Alichoka."

"Nitaliandika hilo," alisema Mama Mifupa. "Siwezi kuandika kwamba kwa hakika alipasua mawe. Nitaandika kwamba huenda, na nitaandika ni nani aliyenionyesha. Siku moja mwingine atakuja kupima tena, labda huyu huyu mtoto, atajua zaidi."

Alifungua lile daftari kuukuu, akamgeukia Kokoto.

"Sikiliza, mwanangu. Kosa lililoandikwa wazi, mwenzako atalisahihisha kesho. Kweli iliyofutwa, nani atajua hata kama ilikuwepo? Ungejifuta wewe, na ungemfuta huyu naye. Andika unachokiona, hata kama ni wewe peke yako unayekiona mezani. Zaidi sana kama ni wewe peke yako."

"Ndiyo mwalimu."

"Na mwaka ujao unamleta nani kutoka kwenu?"

"Kuna binamu yangu. Anajua kuchambua kwa vidole kuliko mimi, ila ana maneno mengi."

"Tutamkalisha na Miwani, wachokane."

Kwa mara ya kwanza nilimwona mama anacheka mbele ya mtu mgeni. Mvua ilikuwa imeanza, nikaisogeza ndoo penye kona. Mama Mifupa aliandika chini ya alama zake za kuuliza: huenda mpasua mawe. Aliyetambua. Akaniuliza mimi jina la mdogo wangu, nikampa lote: la kwake, la baba na la ukoo. Aliliandika kwa herufi kubwa, kisha akalisoma kwa sauti ili ahakikishe hajakosea.

Kokoto alikuwa anarudisha mifupa kwenye pamba. Hakugeuka.

Mama alimgusa bega.

"Unaitwa wewe," alisema. "Itika."